Namba Saba Kwenye Karatasi ya Lishe

Kiwandani walimwita Kijiko, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuonja. Katika watu mia mbili na kitu waliopita langoni kila asubuhi, wengine wakaenda kubeba magunia, wengine kuwasha boila, wengine kukunja maboksi mpaka ncha za vidole zikapasuka kwa ukavu wa karatasi, yeye peke yake aliajiriwa ili akae kwenye kiti na kula. Alilijua hilo, na alijua kwamba wenzake wanalijua. Ndiyo maana alitembea haraka haraka kwenye korido kama mtu aliyechelewa mahakamani, na kwenye mfuko wa koti lake jeupe alipanga kalamu tatu ilhali aliandika kwa moja.

Chumba chake kiliitwa maabara ya ubora. Kilikuwa na meza ya vigae vyeupe, friji ya maziwa na dirisha lisilofunguka. Kila saa mlango uligongwa, akaletewa bakuli la kornifleksi zilizotoka tanurini muda si mrefu. Alimimina maziwa, akabonyeza saa ya kuhesabu sekunde, akachota, akafumba macho, akatafuna. Wageni waliotembezwa kiwandani walidhani anasali. Alikuwa anasikiliza. Kornifleksi nzuri, alipenda kueleza, inatakiwa iendelee kuongea mdomoni kwa dakika tatu kabla maziwa hayajainyamazisha. Kisha alifumbua macho akaandika alama, kuanzia moja mpaka tisa, na kama akikosea akafuta, basi pembeni aliweka saini yake na tarehe. Hiyo ilikuwa kanuni ya maabara: hakuna kinachofutwa bila mfutaji kujulikana.

Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba haikubali kuachwa kazini. Kijiko alitoa alama kila alipokwenda. Kiti cha kinyozi, sita. Salamu ya jirani, tano. Hotuba ya msemaji wa familia siku ya kumzika mke wake, nne, na hapo hapo, udongo ukiwa bado unateremka, akaona aibu kwa kutoa alama mahali kama pale, akajipa mwenyewe mbili.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alifariki kwa kiharusi, Jumanne moja asubuhi, akiwa amesimama mezani anakata kitambaa, na sasa ilikuwa imetimia miezi saba. Presha ilikuwa imemwandama kwa miaka miwili kabla ya hapo. Alimeza vidonge vyake, alihudhuria kliniki, alipunguza chumvi kwenye mboga mpaka Kijiko akawa anakula kimya kimya kama mfungwa. Kila mtu alisema alijitahidi. Kijiko naye alisema hivyo, na aliamini, mpaka ile Jumatano kiwanda kilipowapeleka wafanyakazi wake kupimwa afya.

Kliniki ilikuwa ile ile ya mkewe, mitaa miwili kutoka kiwandani. Baada ya kupimwa uzito na presha, ambayo kwake ilikuwa ya kawaida, alipelekwa kwa mshauri wa lishe, dada mmoja kijana mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Dada huyo alimsogezea karatasi yenye orodha ya vyakula vya kiwandani, namba moja mpaka kumi, aweke alama kwenye vile anavyokula. Kijiko aliirudisha tupu.

"Baba, hakuna hata kimoja?"

"Hakuna. Mimi si mtu wa soda wala soseji."

"Vizuri sana. Na kifungua kinywa unakula nini?"

"Sili. Nakunywa chai tu, halafu naenda kazini."

"Na kazini?"

"Kazini naonja."

Mshauri alivaa miwani yake. "Unaonja nini?"

"Kornifleksi."

"Unatema?"

"Niteme kwa nini? Ni nzuri."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kila saa. Mabakuli tisa. Lakini ni kijiko kimoja kimoja tu. Vitatu, kama sijaelewa."

Mshauri aliandika kwa muda. "Baba, mtu anayekula mara tisa kabla ya saa kumi jioni, mimi nitaandikaje kwamba hali? Na hapa hujaweka alama. Hebu soma namba saba."

Kijiko alisoma. Namba saba ilisema: nafaka za boksi za kifungua kinywa.

"Hiyo mmekosea," alisema.

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya kitaalamu, aliwahi kuyasema akiwa amesimama jikoni kwake. Na karatasi ilikuwa hii hii. Miaka miwili na nusu iliyopita mkewe aliileta kutoka kliniki, akaibandika kwa selotepu kwenye mlango wa kabati. Kijiko aliipitia huku anatafuna, akafika namba saba, akacheka. Akachomoa kalamu. "Hawa watu wa ofisini hawajawahi kukanyaga kiwandani," alimwambia mkewe. "Haya ni mahindi, mke wangu. Mahindi yaliyolazwa bapa tu. Kula bila wasiwasi." Akapiga mstari juu ya namba saba. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea, pembeni ya mstari akaweka saini na tarehe.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya dada mwenye miwani, kidole kikiwa bado juu ya namba saba.

"Nikuulize," alisema. "Ni za kiwandani kweli kweli, au ni namna yenu ya kuandika?"

"Baba, hata unga umesindikwa. Maziwa ya pakiti yamesindikwa. Ukimenya ndizi hujafanya kitu, ukiikausha na kuisaga umeshaanza. Kwa hiyo sisi hatuulizi kama chakula kimepita kwenye mashine. Tunauliza kimepita mara ngapi, na kimeongezwa nini ambacho hakikuwemo. Hizi za boksi nyingi zina sukari, zina chumvi. Si sumu. Ila mwenye presha tunamwambia aziache, au azipunguze sana."

"Chumvi? Kornifleksi ni tamu."

"Ndiyo, na chumvi imo."

"Mimi naonja mwaka wa kumi na tisa huu. Ningejua."

"Labda umeizoea," alisema mshauri, kwa upole unaotumiwa kwa wazee wanaobishana na ngazi. "Wewe si uko mle ndani? Nenda ukaangalie."

Kijiko alitaka kumuuliza swali moja tu zaidi. Lilikuwa swali fupi, lingemalizika kwa pumzi moja: mtu mwenye presha akiambiwa na mume wake aendelee kuzila, akazila, kisha akafa, ni nani aliyemuua? Alifungua mdomo. Kilichotoka ni kuuliza choo kiko wapi. Alielekezwa, akaenda, akasimama humo dakika tano bila haja yoyote, akarudi kazini.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alichukua daftari akaingia kwenye ukumbi wa kupikia. Nia yake, alijiambia, ilikuwa kuhesabu hatua mahindi yanazopitia, na kumpelekea yule dada ushahidi kwamba ni chache na za kawaida. Mtu akihitaji sana kuonekana hana hatia hufanya mambo kama hayo. Katika miaka kumi na tisa alikuwa ameingia ukumbi huo mara mbili: siku ya kwanza ya kazi, na siku walipofanya mazoezi ya kuzima moto akakimbilia upande usio sahihi.

Mpishi wa mitambo, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alimwona akitokeza kwenye mvuke.

"Kijiko. Umepotea, au maziwa yamekwisha?"

"Nataka kuona mahindi yanavyopita."

"Leo? Miaka yote hii? Ndugu yangu, hii ni sawa na mtu kuuliza jina la mke wake siku ya kuozesha binti." Hapo mpishi akasita, akaukumbuka msiba, akajifuta uso wote kwa taulo. "Nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Hakuna neno. Nionyeshe tu."

Mpishi, kwa sababu ya aibu ile, alimwonyesha kila kitu bila kuruka. Mahindi yaliingia yakiwa mahindi, hapo Kijiko alikuwa sahihi. Kisha yakakobolewa. Kisha yakatolewa kiini. Kisha yakavunjwa vunjwa. Kijiko aliandika moja, mbili, tatu, na moyo wake ulikuwa bado mtulivu, kwa maana mambo hayo hata mama yake mzazi aliyafanya. Kisha wakafika kwenye mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka polepole, ambamo mahindi hupikwa kwa mvuke zaidi ya saa nzima. Kijana mmoja mwenye glovu alikuwa anachota kitu cheupe kutoka kwenye gunia kwa sufuria.

"Hiyo ni sukari," alisema Kijiko, akaandika.

"Sukari ni lile gunia kule. Na ile kwenye ndoo ni shira ya shayiri. Hii ni chumvi."

Sufuria ilikwenda na kurudi. Ikaenda tena.

"Chumvi yote hiyo?"

"Sasa wewe ulidhani inatoka wapi?" alisema mpishi. "Mahindi yanatoka jasho?"

Watu wa mitambo wakacheka, na Kijiko akacheka nao, kwa kuwa kweli lilikuwa jambo la kuchekesha: mwonjaji wa chakula aliyekuwa hajui kilicho mdomoni mwake. Aliandika nne. Akaendelea kufuata: kukausha, kupumzisha kwenye mapipa mpaka yalainike sawasawa, kulaza kati ya roli mbili za chuma, ambayo ilikuwa hatua ya saba na ndiyo pekee aliyomwambia mkewe, kuoka, kupoza, kunyunyizia vitamini, kuchekecha, kufungasha. Kumi na mbili. Alihesabu tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama kwamba upande huo zingepungua.

Aliporudi maabara, bakuli la saa tano lilikuwa linamsubiri. Alionja. Safari hii aliitafuta chumvi, akaipata papo hapo, imekaa mbele kabisa ya ulimi, kama mgeni aliyekuwa sebuleni siku zote na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa hamwoni. Akaandika sita. Akafuta. Akaandika tena sita, akasaini, akaweka tarehe.

Ijumaa na Jumamosi zilimpita hivi hivi. Alifanya hesabu ambayo hakuna aliyemtuma: miaka miwili, bakuli moja kila asubuhi, mabakuli zaidi ya mia saba. Alileta nyumbani maboksi mawili kila wiki, yale yaliyobonyea kona ambayo wafanyakazi walipewa, na yote mawili yalikwisha kila wiki. Yeye hakuyagusa, alikuwa ameshiba kazini. Aliitafuta ile karatasi kwenye mlango wa kabati akakuta alama nne za selotepu tu. Shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, ndiye aliyepanga jikoni baada ya mazishi. Ndiye pia aliyechukua cherehani, mkasi na vitu vyote vya ushonaji, kwa kuwa alikuwa na kazi ile ile na hakuna mwingine ambaye angevitumia. Kijiko aliamua kwenda kwake kuungama. Kama mkewe alikuwa wa kulipiwa kisasi, basi huyo ndiye mwenye haki.

Jumapili asubuhi alifika. Na kwa kuwa tangu msiba alikuwa na mazoea ya kumpelekea shemeji yake maboksi mwishoni mwa wiki, aligundua akiwa mlangoni kwamba amekuja kuungama mauaji ya kornifleksi akiwa na maboksi mawili ya kornifleksi kwapani. Hapakuwa na mahali pa kuyaficha.

"Karibu, shemeji," alisema shemeji bila kuinuka. Alikuwa anashona dirishani, na gauni la buluu lilikuwa linamteremka magotini. "Umekonda kama sindano. Hao unaowaonjea hawakulishi? Weka pale juu ya friji, lile la juzi limebaki kidogo."

"Nimekuja kukueleza jambo."

"Eleza. Ila mguu wangu utaendelea kukanyaga, mwenye gauni anakuja saa nane."

Kijiko alieleza akiwa amesimama, maboksi bado kwapani. Alieleza karatasi, namba saba, kalamu, mahindi yaliyolazwa. Alieleza hatua kumi na mbili na sufuria ya chumvi. Katikati ya maelezo cherehani ilinyamaza.

"Mimi ndiye niliyefuta," alimaliza. "Dada yako alikula kwa sababu yangu."

"Na umelibeba jambo hili miezi saba?"

"Tangu Jumatano. Kabla ya hapo nilikuwa nalia kama watu wengine."

Shemeji alimtazama, midomo imebana pini mbili. Alizitoa, akazichoma kwenye mto wake wa pini.

"Kaa. Si hapo, hapo pana pini. Kaa kitandani." Alifungua droo ya cherehani, akatoa daftari lenye jalada jeusi. Kijiko alilijua. Ni daftari la vipimo, ambamo mkewe aliandika kifua, kiuno na nyonga za mtaa mzima, na ambalo yeye hakuruhusiwa kulifungua kwa sababu, mkewe alisema, siri za wanawake zimo humo kwa inchi.

"Ulidhani dada yangu hajui kusoma?" alisema shemeji. "Au ulidhani ile saini yako ni ya waziri? Anzia nyuma."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umebandikwa karatasi ya lishe, na mstari wake, na saini yake, na tarehe yake. Chini ya saini, kwa mwandiko mdogo wa mkewe, yalikuwa maneno haya: *Nimemuuliza dada wa lishe. Namba saba ni kweli. Chumvi. Mzee asijue, atanyong'onyea.* Tarehe ilikuwa siku mbili baada ya ile ya saini.

Kijiko aliyasoma mara tatu.

"Siku mbili," alisema.

"Angekwenda kesho yake, ila alikuwa na gauni la harusi."

"Lakini maboksi yalikwisha. Mawili kila wiki. Nilikuwa natupa mwenyewe yaliyokwisha."

Shemeji aliinuka, akaweka mikono kiunoni, akageuka upande mmoja, kisha upande wa pili. "Fungua ukurasa wangu. Umeandikwa Mdogo Wangu."

Kijiko alifungua. Kifua, kiuno, nyonga, na tarehe. Mwaka ule wa karatasi, kiuno thelathini. Miezi minne baadaye, thelathini na moja na nusu. Kisha thelathini na tatu. Kisha thelathini na nne, na pembeni mkewe ameandika *acha mshono wa ziada.*

"Kila Jumatatu aliniletea," alisema shemeji. "Anamimina kwenye mfuko, maboksi matupu anarudi nayo ili uyaone. Mimi ndiye uliyekuwa unanilisha, shemeji. Na mimi sina mume mwonjaji wa kunionya."

Hapo Kijiko alianza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi aweke maboksi chini, na kicheko kilipogeuka kuwa kitu kingine shemeji alimtupia kipande cha bitana ajifute. Bitana hainyonyi maji. Iliyasogeza machozi kutoka shavu moja kwenda jingine, akaendelea kujifuta nayo hivyo hivyo.

"Lakini Jumapili alikula," alisema baadaye. "Nilimwona. Jumapili tulikaa wote mezani."

"Endelea kusoma."

Kwenye kurasa za kabla ya karatasi ya lishe kulikuwa na orodha ya Jumapili. Kila moja ilisema *za boksi, nusu bakuli,* na mbele yake tarakimu. Ilimchukua muda kuelewa ni tarakimu za nini. Kila Jumapili alimmiminia mkewe, akamtazama akitafuna, akauliza, "Ngapi?" Na kila Jumapili mkewe alimeza, akapangusa mdomo, akajibu, "Nane." Kwenye daftari hapakuwa na nane hata moja. Kulikuwa na nne. Tatu. Nne. Tano. Mbili, na pembeni: *zimenata kama gundi, na yeye leo anajisifu.* Aliikumbuka Jumapili hiyo. Kiwandani walikuwa wamebadilisha roli, na yeye alikuwa amezungumza juu ya roli hizo kuanzia chai mpaka chakula cha mchana.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Nilikuwa nikienda kazini Jumatatu nawaambia, hata nyumbani zinapata nane."

"Na wao waliamini?"

"Niliwaandikia."

Shemeji alificha uso kwenye gauni la buluu, mabega yakimtikisika.

Jumapili moja ilikuwa na saba. Kijiko aliweka kidole juu yake. Alijaribu kukumbuka siku hiyo ilikuwa na nini, walizungumza nini, mvua ilinyesha au la, kama zilikuwa kornifleksi nzuri kweli au mkewe alikuwa na furaha ya kitu kingine tu. Alitazama tarehe. Hakukumbuka chochote. Kati ya yote aliyoyakuta ndani ya daftari, hilo ndilo lililomuuma, wala hakumwambia shemeji yake.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza.

"Angekuambiaje, wakati unamtazama mdomo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani?" Shemeji alirudi kwenye kiti chake, akatunga uzi. "Alisema kwangu, wewe mdogo wangu kula hizi, mimi nitabaki na za Jumapili, zile siwezi kuzikwepa."

Mguu wake ukaanza tena kukanyaga. Kijiko alilifunga daftari. Alikuwa ameachiliwa, au karibu ameachiliwa, ikibaki ile nusu bakuli, na alitaka kubaki hapo kidogo akiwa mtu asiye na hatia. Lakini macho yake yalikwenda juu ya friji, kwenye boksi la juzi lililobaki kidogo, kisha kwenye mawili aliyoleta yeye.

"Shemeji, presha yako umepima lini?"

"Mimi? Sijawahi. Siumwi."

"Hata dada yako alikuwa anasema haumwi."

"Dada alikuwa dada."

"Na mama yenu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Cherehani ilipunguza mwendo, ikasimama. Shemeji alitazama nje ya dirisha. "Si ni presha," alisema, kwa sauti ndogo iliyokuwa haina utani ndani yake.

Kijiko alisimama, akachukua maboksi yote matatu. "Kesho asubuhi nakupitia. Twende kliniki."

"Kesho nina kazi."

"Mimi pia nina kazi. Watakaa bila kuonja mpaka saa nne. Hawatakufa," alisema, na alipokwisha kulisema neno hilo akaona amelitumia vibaya, lakini shemeji yake alikuwa tayari anacheka.

Jumatatu walikaa kwenye benchi la kliniki, shemeji akilalamika juu ya kila aliyeitwa kabla yake na juu ya mshono wa sare za wauguzi, ambao alisema umeshonwa na adui. Walipoingia, mshauri wa lishe alimfunga mkono, akabonyeza mashine, wakasubiri wote watatu.

"Mia na hamsini na mbili, chini tisini na sita," alisema mshauri. "Iko juu, mama. Tutaipima tena wiki hii mara mbili kabla ya kusema lolote, lakini iko juu. Nyumbani unakula vyakula vya kiwandani?"

"Nakula vya kawaida tu," alisema shemeji. Akamgeukia Kijiko. "Au siyo?"

Kijiko alikuwa na kalamu zake tatu mfukoni. Dada mwenye miwani alimtazama, akamtambua, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Anakula," alisema Kijiko. "Kornifleksi. Maboksi mawili kwa wiki, miaka miwili na nusu. Mimi ndiye ninayempelekea. Na ni za kiwandani, nimekwenda kuangalia kama ulivyosema. Hatua kumi na mbili, chumvi inaingia ya nne. Na mke wangu pia alikuwa mgonjwa wako. Fundi cherehani. Nilimfutia namba saba."

Mshauri alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Wewe ndiye mwenye saini," alisema. "Alikuja na karatasi yako hapa. Aliniuliza kama nusu bakuli kwa wiki itamdhuru. Nikamwambia hiyo haitamdhuru, baba. Na vidonge vyake hakuwahi kuacha hata siku moja. Wengine hufanya yote na bado inatokea."

Kijiko aliitikia kwa kichwa. Nje mtoto wa mtu alikuwa anagombania kiti na mwenzake.

"Kwa hiyo niache?" aliuliza shemeji. Hakumuuliza mshauri, alimuuliza yeye.

"Acha, shemeji."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nitakuletea mayai."

Shemeji alivuta mkono wa gauni lake chini, akafunga kifungo, akamgeukia mshauri wa lishe. "Miaka kumi na tisa anatafuna chumvi, kaijua wiki iliyopita," alisema. "Na wanamlipa."